Mkwe Juu ya Bati

Wageni walikuwa wameshapita Kasulo wakati taa ya ruta ya mtandao ilipogeuka nyekundu.

Mwalimu Emilian aliiona kwa macho yake, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa na kazi nyingine ila kuitazama. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, ile aliyoagwa nayo alipostaafu, na alikaa mbele ya kompyuta kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Taa ilikuwa kijani, ikapepesa kidogo, ikawa nyekundu. Akaigonga kwa kidole. Akaipuliza. Akaifuta kwa kitambaa cha mfukoni kama anayemfuta mtoto makamasi. Ikabaki nyekundu.

Akamwita mkewe. Jovitha alitoka jikoni na mwiko mkononi, akainama kuitazama taa, kisha akamtazama mume wake na kumuuliza kama alilipia bando. Emilian akasema alilipia jana. Jovitha akauliza kama ana hakika, na hilo swali la pili ndilo lililomuuma.

"Mama Esperansia," alisema taratibu, "mimi nimefundisha hesabu mpaka mvi zikaota. Bando lipo."

Basi kama bando lipo, mtandao uko wapi? Jovitha hakulisema hilo, lakini mwiko wake ulilisema. Siku hiyo haikuwa siku ya kukosa mtandao. Binti yao Esperansia, mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya Mtwara, huko upande wa pili kabisa wa nchi, alikuwa anaposwa. Ruhusa ya kuja nyumbani alinyimwa kwa kuwa wenzake wawili walikuwa likizo ya uzazi. Na Mzee Bulugu, baba wa kijana, alikuwa ameweka sharti moja tangu mwanzo, akalirudia kila alipotuma ujumbe: hatamchukua binti wa mtu kabla hajamwona kwa macho na kumsikia akisema mwenyewe kwa kinywa chake kwamba anataka. Sauti tupu ya simu hakuitaka. Sauti, alisema, inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Emilian ndiye aliyemtoa wasiwasi. Alimjibu kwamba hapo nyumbani kwake Mbuba kuna kompyuta kubwa yenye kamera, na mtandao wa antena yake mwenyewe juu ya paa, na kwamba mchana, wakati wa mapumziko ya kazini, Esperansia atatokea pale sebuleni mpaka kope zake zitahesabika. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu mwenye chombo ambacho wengine hawana, na kweli hawakuwa nacho. Nyumba yake ilikaa bondeni, nyuma ya kilima, mahali ambapo mtandao wa simu ni kitu cha kutafutwa kwa miguu. Mtu akitaka kupiga simu alipita migombani mpaka kwenye kichuguu kimoja nyuma ya choo, akapanda juu, akageukia upande mmoja, na hapo akapata sauti, lakini picha hata kidogo. Ndiyo maana Emilian aliweka antena.

Dada yake mkubwa, Bernadetha, aliyekuwa amekuja kutoka Rulenge kusimama kama shangazi wa binti, alifika sebuleni akiwa bado anafunga kitenge. Alielezwa, akasikiliza, akashauri waizime na kuiwasha. Wakaizima na kuiwasha. Akashauri waigonge ubavuni, kwani redio yake kule Rulenge huwa haisemi mpaka igongwe. Emilian akamwomba dada yake, kwa heshima zote, asiiguse.

Hapo wakasikia gari linakata kona ya barabara.

*

Gari lilikuwa Noah ya kukodi, na ndani yake walikuwemo watu watatu tu, ingawa vitenge, madumu ya asali na jogoo wawili waliokuja kama zawadi vililijaza kama harusi nzima. Mzee Bulugu alishuka kwanza. Alikuwa mtu mrefu, mpana, mwenye kofia ya pama na fimbo, mfugaji aliyetoka Shinyanga na ng'ombe wake akiwa kijana, akalowea Biharamulo. Nyuma yake alishuka Nshoma, dada yake, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Wa tatu alikuwa Pius mwenyewe, bwana harusi mtarajiwa, mwenye duka la dawa za mifugo pale Biharamulo mjini. Yeye ndiye aliyeendesha. Lakini kwa kuwa si adabu mposaji kukaa sebuleni wakati anaposewa, alibaki na gari kwenye jua, madirisha yote yakiwa wazi, akijifanya anafuta kioo.

Salamu zilikuwa ndefu na nzuri. Jovitha alikuwa amewahi kuifunika ruta kwa kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki, na Emilian alisimama mbele ya maua hayo kwa namna ambayo Nshoma aliiona haraka sana kuwa si ya kawaida. Wakakaa. Wakaulizana habari za mvua, za mahindi na za barabara. Kisha Mzee Bulugu akaomba aoneshwe hiyo kompyuta.

Emilian hakuwa na la kufanya. Akasogea, akatikisa kipanya, na kioo kikawaka kikionesha ile picha inayokaa hapo siku zote: bahari ya buluu, mchanga mweupe na minazi miwili.

Nshoma akaisogelea, akaitazama kwa muda, akauliza kama hapo ndipo Mtwara.

Mwalimu Emilian alikuwa amefundisha watoto wa watu wasiseme uongo tangu enzi za viboko. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Ni pande za huko huko," alisema.

Jovitha akatoka nje haraka, kitenge kikiwa mdomoni.

*

Waliamua, kwa kutazamana tu, kwamba chakula kitangulie. Desturi haikuwa hivyo, ni kwanza neno kisha sahani, lakini wageni walikuwa wametoka mbali na hakuna aliyelalamika. Jovitha akapakua ndizi na nyama, sufuria nzima, zimepikwa kwa samli mpaka zinang'aa. Mzee Bulugu alikula kidogo kidogo, akasifu, akanawa, kisha akaketi mikono magotini, akasubiri. Ilimchukua Bernadetha muda kuelewa kwamba mzee alikuwa anasubiri chakula. Kwa Msukuma yule, ndizi zilikuwa kitu cha kumkaribishia mgeni huku ugali ukisongwa. Akaenda jikoni kumnong'oneza wifi yake, na maji ya ugali yakabandikwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Jovitha akamshukuru Mungu kwa tofauti za makabila, maana ugali ungewapa nafasi.

Aliiacha kazi ya kusonga kwa jirani, yeye akakimbia migombani na simu mkononi. Alipanda kichuguu kwa viatu vya sherehe, akampigia fundi Wiston, yule aliyewafungia antena. Wiston alikuwa Ngara mjini, juu ya paa la mtu mwingine. Alimuuliza taa ina rangi gani. Alimuuliza waya umechomekwa. Alimuuliza panya, mbuzi, watoto. Kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Mama, antena inaangalia wapi?"

Kutoka juu ya kichuguu paa la nyumba lilionekana lote. Jovitha akageuka kutazama. Antena ile nyeupe, yenye umbo la sinia, ilipaswa kuuangalia mnara ulioko kilimani, mashariki. Usiku uliopita ulikuwa wa upepo.

"Inaangalia Burundi," alisema.

Wiston akacheka mpaka ikasikika kama ataanguka huko alikokuwa. Akasema basi kisa ndicho hicho. Bolti imelegea au imekatika. Mtu apande, aizungushe taratibu kurudi upande wa mnara, na mwingine ndani aangalie taa mpaka iwe kijani. Yeye mwenyewe hawezi kufika kabla ya kesho.

Jovitha hakushuka kichuguuni bila kumpigia na Esperansia. Binti alipokea mara moja. Alikuwa ameshachana nywele, alisema, na ameshapata pembe moja nyuma ya maabara isiyo na kelele, na mapumziko yanaanza sasa hivi. Alikuwa na furaha kiasi kwamba mama yake alishindwa kumwambia ukweli. Alimwambia tu aendelee kupiga kwenye kompyuta, asichoke.

*

Jovitha alikuja kumnong'oneza mumewe habari ya antena, kisha akarudi kichuguuni kumngojesha binti. Emilian aliomba radhi kwa wageni kwamba kuna jambo dogo anakwenda kuliangalia. Akatoka kwa mwendo wa mtu mwenye heshima zake. Alipokata kona ya nyumba akakimbia, akachukua ngazi ya miti, akaiegemeza ukutani na kupanda na suti yake yote. Msumari wa bati ukamshika gotini na kumpasua suruali kwa sauti aliyoisikia mpaka moyoni.

Ndani, Mzee Bulugu alikuwa ametulia na ugali wake. Juu ya kichwa chake bati likalia. Akainua macho. Likalia tena, mbele kidogo. Nshoma naye akainua macho, akazifuata hatua kutoka upande wa mlango mpaka upande wa kompyuta.

"Ni paka," alisema Bernadetha.

Mzee akatafuna, akameza. "Paka wa huku mnawalisha vizuri," alisema, na hakuonekana kama anatania.

Bernadetha akakubali kwamba kweli, Mbuba kuna panya wengi. Huku akisema hayo alikuwa amesogeza maua ya plastiki na kuinua pembe ya kitambaa ili achungulie taa. Nyekundu. Kisha kutoka juu, waziwazi, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita majina ya darasa zima, yule paka akauliza:

"Bado?"

Mzee Bulugu aliweka tonge chini, akanawa mikono taratibu, akachukua kofia yake na kutoka nje. Nshoma akamfuata. Wakazunguka nyumba na kumkuta Mwalimu Emilian juu ya paa, amelikumbatia bomba la antena, goti moja likiwa wazi kwenye suruali ya kijivu, kutu imempaka shavuni. Pius, aliyesikia kishindo kutoka kwenye gari, alikuwa ameshika ngazi bila kuambiwa na mtu, na alipomwona baba yake akageuza uso kama mwizi.

Kwa watu wa pande hizi, kumwona mkwe katika hali hiyo ni jambo la kufumba macho. Bernadetha alijifunika uso. Jovitha, aliyekuwa anarudi kutoka kichuguuni akihema, alisimama kati ya migomba, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Emilian akashuka. Alisimama mbele ya mgeni wake, akatafuta maneno makubwa, akayakosa.

"Mtandao ulikufa kabla hamjafika," alisema. "Niliona aibu kuwaambia. Na ile picha ya minazi, mama, sijui ni wapi. Si Mtwara."

Nshoma akasema alijua. Kaka yake aliitazama antena, akautazama mpasuko wa suruali, kisha akaegemea fimbo yake.

"Mwalimu, sikuja kuona mashine," alisema. "Mkwe wangu wa kwanza, mke wa kaka yake huyu Pius, nilimpakia kwenye gari akiwa analia njia nzima. Tukaambiwa mabibi harusi hulia hivyo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yule mtoto kitu. Hakumaliza hata mavuno ya kwanza kwangu, akakimbia, akaugua huko alikokimbilia, na mpaka leo nikipita kwao nainamisha kichwa. Niliapa sitaleta nyumbani msichana ambaye sijamsikia. Sasa nieleze: hicho kitu kikiangalia kule, atasema?"

"Atasema."

"Anasubiri?"

Jovitha akajibu kutoka migombani kwamba anasubiri, na kwamba mapumziko yake si marefu.

Mzee Bulugu akavua koti, akampa dada yake. "Basi panda," alimwambia Emilian. "Mimi nitakaa mlangoni nipokee maneno."

*

Ndipo kazi ikaanza hasa, na wote waliokuwepo waliisimulia baadaye kama watu waliovuka mto pamoja. Emilian alikuwa juu, mikono kwenye bomba. Bernadetha alikuwa ndani, amepiga magoti mbele ya ruta kama aliye madhabahuni, maua na kitambaa vimetupwa kwenye kochi. Nshoma alisimama dirishani kuchukua neno kutoka kwa Bernadetha, akalipitisha kwa kaka yake mlangoni, naye alikuwa na kifua cha kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Pius alishika ngazi. Jirani aliacha mwiko. Watu wawili waliokuwa wakipita njiani na baiskeli wakasimama.

Emilian akazungusha kidogo.

"Bado," alisema Bernadetha. "Bado," alisema Nshoma. "Bado," alinguruma Mzee Bulugu.

Akazungusha tena. Bado. Tena. Taa ikapepesa, ikawa ya njano, na Bernadetha akatoa sauti ambayo haikuwa neno katika lugha yoyote, lakini Nshoma aliipitisha vile vile ilivyo, na mzee naye akainguruma vile vile ilivyo, na Emilian kwa mshtuko akapitiliza.

Ikarudi nyekundu.

"Umepita," walisema wote watatu. Na Mzee Bulugu, ambaye sasa alikuwa ameshaielewa ile kazi kuliko wote, akamwelekeza mkwe wake kwa fimbo: "Rudi upande wa Burundi kidogo. Kidogo. Usifike mpakani."

Emilian akarudi. Njano. Kidogo tena, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Kijani.

Kabla hawajamaliza kuambiana, kompyuta ikaanza kuita. Mlio ulijaa sebule, ukatoka dirishani, na wote wakakimbilia ndani isipokuwa yule mmoja aliyejua jinsi ya kupokea. Emilian aliachia bomba ili ashuke, na mara lile bomba likajizungusha lenyewe, polepole, kama mzee anayegeuka kitandani. Mlio ukakatika. Akalidaka tena, akalirudisha. Mlio ukaanza upya. Bolti ilikuwa imekatika kabisa. Alijaribu kulifunga kwa tai yake. Tai ikateleza kwenye bomba. Akajua hapo hapo kwamba hatashuka.

Akaelekeza kutoka juu. Kuna kitufe cha kijani, alisema, chenye alama ya kamera. Nshoma alikigusa kwa kidole kwenye kioo, hakikusikia. Bernadetha alishika kipanya, mshale ukaenda kujificha kwenye kona. Mwishowe Nshoma aliweka mkono wake juu ya mkono wa Bernadetha, wakausukuma ule mshale wawili, wanawake ambao asubuhi hawakuwa wakijuana, wakaupandisha mpaka kwenye kile kijani, na wakabonyeza kwa nguvu za watu wanaotwanga.

Na Esperansia akatokea.

Alikuwa na koti jeupe la maabara, na nyuma yake kulikuwa na ukuta wenye mashuka ya hospitali yaliyoanikwa. Alikuwa anacheka tayari. Akawaamkia wote, shikamoo moja moja, na wakaitikia marahaba kwa pamoja mpaka Mzee Bulugu alipoinua mkono wakanyamaza. Alivuta kiti, akaketi karibu kabisa na kioo, akaweka kofia magotini.

Hakusema hotuba. Alimuuliza binti kama anamfahamu Pius, mwanawe. Esperansia akasema anamfahamu. Akamuuliza kama anajua kwamba ni mtu wa ng'ombe, mwenye kunuka dawa za kuogeshea, anayesahau kula akiwa kazini. Esperansia akasema hayo yote anayajua, na la mwisho tayari walishaligombania. Nje dirishani Pius, aliyeacha ngazi, alijikunja chini ya kizingiti asionekane.

"Sasa nijibu hili, mwanangu," alisema mzee. "Kuna mtu aliyekutuma kusema unamtaka? Baba, mama, shangazi, mtu yeyote? Sema bila kuogopa. Ukisema yupo, nitakunywa uji wa mama yako hapa, nitaaga vizuri, na hakuna atakayekulaumu."

Picha ilitetemeka kidogo.

"Hakuna aliyenituma, baba," alisema Esperansia. "Mimi ndiye niliyemtuma yeye awalete ninyi."

Mzee akamwomba arudie, naye akarudia. Nshoma alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele, Bernadetha akakipokea, Jovitha akakifikisha jikoni, na wapita njia wenye baiskeli wakapiga kengele zao bila kujua ni kwa nini. Pius alisimama ghafla pale dirishani na kugonga kichwa kwenye kizingiti.

"Amesemaje?" ilikuja sauti kutoka juu ya bati.

Wakamwambia. Walimwambia wote kwa mara moja, hakusikia kitu. Mzee Bulugu akatoka nje, akamrudishia neno kwa neno, na yule mwalimu mstaafu akacheka huku amelikumbatia bomba lake, machozi yakichora njia mbili kwenye kutu.

Ndani, Esperansia alikuwa anauliza baba yake yuko wapi.

"Yuko juu ya nyumba," Jovitha alimwambia. "Ndiye aliyekushika. Akikuachia, unapotea."

Binti akafunika mdomo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

*

Mzee Bulugu alipotaka kupanda ampokee Emilian bomba, Nshoma alikataa. Alisema haijapata kuonekana, si Shinyanga wala Biharamulo, mkwe kupanda juu ya paa la wakwe zake. Kaka yake alimjibu kwamba na kuposa kwa sinia juu ya bomba hakujapata kuonekana pia, akapanda. Ngazi ililia. Bati lililia zaidi, likabonyea, na Jovitha akaliaga moyoni. Mzee alifika kwenye bomba kwa magoti, akaweka mkono wake mpana juu ya mikono ya Emilian.

"Achia, mzaa mwenzangu," alisema. "Nenda kamwone mtoto wako."

Emilian alishuka asijue ameshukaje. Alikuwa ameandaa maneno ya siku hii kwa wiki nzima: ya ndoa, ya subira, ya jina la ukoo. Alipofika mbele ya kioo na kuuona ule uso, yote yakamtoka. Akauliza kama amekula.

"Bado, baba. Nitakula nikimaliza na nyie." Akamtazama vizuri. "Mbona una kutu? Na suruali?"

Akasema ni kazi ndogo tu, imekwisha. Kisha akakaa, akamtazama, na haja ya kusema ikamwisha.

Bernadetha alikuwa ametoka nje. Alitazama juu, akamwona Mzee Bulugu amekaa kitako juu ya bati, miguu ameikunjua, bomba kifuani. Akaishika ile ngazi ya miti, akaiinua, akaenda kuilaza mbali, kwenye nyasi. Kisha akarudi, akajifunga kitenge vizuri, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Sasa, mkwe," alisema, "tuongee habari za ng'ombe."

Mzee akaitafuta ngazi kwa macho, akaiona ilipo, akaelewa. Alianza kupandisha sauti kwamba huu si utaratibu, na mara kutoka ndani ikasikika sauti ya Esperansia ikisema picha inakatika. Akashusha sauti, picha ikatulia. Ikawa hivyo. Alipotaja idadi, Bernadetha akatikisa kichwa. Alipokasirika, bomba lilitikisika na binti akapotea, na sebule nzima ikamwomba mzee atulie. Ilibidi apatane kwa upole, kama anayebembeleza mtoto, na hajawahi kupatana hivyo mnadani maisha yake yote. Nshoma, mtu wa upande wake mwenyewe, hakumsaidia kwa neno hata moja. Alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, mbavu zimemshinda kwa kicheko. Ng'ombe waliongezeka wawili, kisha ndama mmoja kwa ajili ya suruali ya mwalimu. Hapo ndipo mzee mwenyewe aliposhindwa. Kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda mabegani, bati lote likacheka naye, na antena ikageuka kwenda ilikopenda.

Ndani, Esperansia, aliyekuwa akisikiliza yote hayo, alikuwa amerusha kichwa nyuma anacheka na meno yote yako nje. Picha ikasimama hapo hapo, na kompyuta nayo ikaganda, isisogee mbele wala nyuma. Jovitha alipompigia kutoka kichuguuni, binti alikuwa ameshakimbilia kazini, anakula andazi njiani.

Ngazi ilirudishwa. Mzee Bulugu alishuka akapewa maji ya kunawa, na uji, na ugali wake uliokuwa umepoa, akaula wote. Pius akaruhusiwa kuingia ndani, akakaa pembeni, macho kwenye kioo. Emilian alitaka kuizima kompyuta ili aiwashe upya, kama fundi alivyowahi kumfundisha, lakini kila aliponyoosha mkono mtu alimzuia. Basi ikabaki hivyo mchana wote, binti akiwachekea, nao wakila na kupanga tarehe mbele yake.

Jua lilipoanza kushuka wageni wakaaga. Nshoma alikisogelea kioo akampungia mkono bibi harusi, akamshukuru kwa Kisukuma: wabeja, mwanangu. Mzee Bulugu alikuwa wa mwisho. Alivua kofia, akainama kidogo mbele ya uso ule uliosimama, akangoja kama mtu anayetarajia kujibiwa, kisha akatoka kwenda garini, na kicheko chake kilisikika mpaka Noah ilipokata kona.